Mama Hakutaka Ukumbi: Kutoka Mwanza Hadi Ukerewe Kuwatafuta Wanafunzi Wake

Jumatano, Mwanza hadi Ngudu

Kamati ya familia ilishachagua ukumbi, mpambaji na rangi ya kitenge. Mama anatimiza miaka 85, na sisi watoto wake tulitaka shughuli ya kueleweka: MC mwenye maneno, keki ya ghorofa tatu, ndafu aliyebanwa majani mdomoni, watu wacheze mpaka usiku wa manane. Mimi ndiye mweka hazina, na michango ilikuwa inaingia vizuri kuliko ya harusi yetu ya mwisho. Dada akampigia Mama kumuuliza anapenda keki ya ladha gani. Mama akajibu kwamba hela ya ukumbi itiwe mafuta kwenye gari, yeye anataka kwenda kuwaona wanafunzi wake.

"Wanafunzi gani tena, Mama? Umestaafu tangu mwaka 1995."

"Wale wazee wangu wa kisomo, niliowafundisha kusoma na kuandika ukubwani. Waliobaki."

Kaka alibishana wiki nzima kwenye kundi la WhatsApp la familia, akachoka. Mpambaji amebaki na kishika uchumba chetu. Mimi binafsi sikusikitika sana. Sherehe za wazee siku hizi, mwenye siku huketishwa kwenye kiti cha kifalme, akalishwa keki na ukoo mzima mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayemuuliza hata neno moja.

Basi leo asubuhi tumetoka Mwanza na Noah. Mama kiti cha mbele, mto mgongoni, vidonge vya presha ndani ya pochi, chupa ya uji wa ulezi miguuni. Dada na mimi nyuma. Usukani kaushika mpwa wangu, ambaye Mama humwita "mume wangu" na kumfokea ipasavyo kila akizidisha mwendo.

Kwa wasiomfahamu: Mama ni mwalimu wa Daraja C, yaani darasa la nane na miaka miwili ya chuo. Aliingia kazini mwaka 1960, Uhuru ukiwa haujafika. Asubuhi alifundisha watoto. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa anafundisha na wazazi wao mchana, baada ya shamba. Huku Kanda ya Ziwa ndiko serikali, kwa kushirikiana na UNESCO, ilikoanzia majaribio ya kisomo chenye manufaa mwaka 1968, makao yake yakiwa hapa Mwanza. Mkulima alijifunza kusoma kwa kitabu cha kilimo cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Mtaani watu waliwaita wanafunzi hao ngumbaru, na Mama hataki kulisikia neno hilo ndani ya gari.

Usagara alituamuru tukate kulia kwanza, twende Kigongo tukalione daraja. Hapo alivuka na kivuko miaka na miaka akienda Sengerema na Geita kusimamia mitihani. Daraja la JP Magufuli lilifunguliwa Juni 2025, urefu wake kama kilomita 3, na kwa kweli linatia moyo kulitazama. Mpwa alishatoa simu apige picha. Mama alikuwa anaangalia upande wa pili, kule kwenye maegesho ya zamani.

"Sasa wale akina mama wa samaki na mahindi ya kuchoma wamehamia wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tukageuza gari.

Misungwi, Mabuki, Hungumalwa. Pale tukaiacha lami ya Shinyanga tukaingia kushoto, vumbi likatupokea. Tumefika Ngudu jua linazama. Gesti ni safi, maji ya ndoo yapo. Mama kala ugali wa mtama na mlenda, kakataa soda, kalala.

Alhamisi, nje ya Ngudu

Saa kumi na mbili tulipogonga mlango wake alikuwa ameshavaa, amekaa kitandani na kibeti mapajani.

Kijiji ni mwendo wa kama nusu saa kutoka mjini. Mawe makubwa yamepandana kila upande, ng'ombe wanavuka barabara kwa raha zao, na mashambani mabua ya pamba yanasubiri kung'olewa na kuchomwa. Mama alifundisha hapa kuanzia 1972. Njiani alituonya kwamba darasa lilikuwa chini ya mwembe, tusije tukatafuta jengo. Mwembe wenyewe ulishakatwa. Pale sasa ni kijiwe cha bodaboda, vijana wamekaa kwenye pikipiki zao wakisikiliza redio, hawajui wameegesha kwenye shule.

Mtendaji wa kijiji alikuwa ametangaza tangu Jumapili. Tulitegemea watu watano, sita. Tulipofika ofisi ya kijiji tukakuta mabenchi ya shule yamejaa mpaka barazani, wazee watupu, wanawake wengi kuliko wanaume.

"Mwangaluka mayu!" Hiyo ni habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma.

"Mwangaluka!"

Mama ni Mkerewe, na Kisukuma chake kina lafudhi ya kisiwani mpaka leo. Walicheka pale pale alipofungua mdomo. Nadhani ndivyo walivyomcheka mwaka 1972.

Niliuliza kwa nini wanaume ni wachache. Mtendaji akasema wengi wameshatangulia mbele za haki. Mama akaongeza kwamba hata wakati ule walikuwa wachache, waliona aibu kukosea mbele ya wake zao, ikambidi awatengee siku yao peke yao. Mzee mmoja wa benchi la mbele, kofia ya pama magotini, akanyanyua mkono kabisa kama mwanafunzi kuomba ruhusa ya kusema. Alieleza maisha ya kabla ya kisomo: "Nilikuwa napeleka pamba kuuza. Karani anasoma mzani, mimi nasoma uso wa karani."

Watu waliangua kicheko, lakini hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Usukumani chama cha ushirika kilizaliwa na mzani. Wakulima wa miaka ya 1940 na 1950 walishuku wanaibiwa kilo, wakaanza kujiwekea wapimaji wao, na hapo ndipo akina Paul Bomani walipopata nguvu ya kujenga vyama vilivyoungana kuwa shirikisho kubwa la pamba la Victoria mwaka 1955. Ila hata mzani ukiwa wa chama chako, kama hujui namba bado unamtegemea anayezisoma. Mama alipoanza somo hapa hakuanza na dua wala na wimbo. Aliandika neno PAMBA ubaoni, akalikata vipande, pa na mba, halafu akawaandikia stakabadhi ya pamba nzima nzima: kilo, bei, jumla. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa pamba kituo kingine. Mama alicheka mwenyewe akikumbuka: "Mchana nawafundisha watu kumkagua mume wangu, jioni nampikia."

Tukahamia kwenye redio. Mwaka 1973 ndio ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya: wiki 12, vikundi nchi nzima vimekaa kuzunguka redio wakisikiliza Radio Tanzania, kisha wanafungua kijitabu wanasoma, wanajadiliana, wanaamua la kufanya kijijini kwao. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kikundi cha Mama kilikuwa na redio moja, na betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate uhai wa kumaliza kipindi. Bibi mmoja alikumbuka kwamba walichimba vyoo mpaka wanaume wakawa wanakimbilia porini wakimwona Mwalimu anakuja na kamba ya kupimia shimo.

"Na sasa vyoo vikoje?" Mama akauliza.

Kimya. Akainuka, akachukua fimbo yake, akaelekea shule ya msingi iliyo jirani, sisi wote nyuma. Alikagua choo cha wasichana, akatoka, akasimama mbele ya kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu. Akakikanyaga. Hakikutoa maji. Mwalimu mkuu, kijana ambaye hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa Mama akistaafu, alisimama mikono nyuma. Maji yalijazwa tukiwa bado hapo.

Nije kwenye lile lililotuchukua sehemu kubwa ya mchana.

Bibi mmoja mwembamba, khanga mbili, alikuja na bahasha ya nailoni iliyofungwa kwa uzi. Ndani ya nailoni gazeti, ndani ya gazeti cheti. Karatasi imegeuka rangi ya chai, kona moja imeliwa na wadudu, muhuri umebaki duara la zambarau lisilosomeka. Ni cheti chake cha kisomo. Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanyika Agosti 1975, na hicho kilikuwa cha mwaka huo. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imekuta karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba waliobaki ni chini ya asilimia 10. Tumezoea kuzisikia takwimu hizo kwenye hotuba. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba moja ya hizo asilimia imefungwa kwa uzi ndani ya nyumba ya udongo huko Kwimba.

Mama akamwambia, "Haya, tusomee."

Bibi akaitazama karatasi, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Akatikisa kichwa. "Nimesahau, Mwalimu. Nilijua, sasa nimesahau."

"Umesahau au huoni?"

Akavua miwani yake ya kusomea, akampa. Bibi akaivaa juu ya kilemba, ikakaa upande, mjukuu akamrekebishia. Kisha tukamwona anaanza kuchezesha midomo. Akalisoma jina lake. Akalisoma la pili, la baba yake. Akasoma neno "amefaulu" kwa sauti, silabi kwa silabi, na wazee wakampigia makofi. Mimi na Dada tulishaanza kutafuta leso, ila yeye hakuwa na muda wa machozi. Aliingiza mkono kifuani, akatoa simu ya kitochi, akamwambia mjukuu amfungulie meseji ya juzi, ile ya pesa kutoka kwa mwanawe aliyeko Geita.

Alisoma kwa kidole. Akafika kwenye tarakimu, akarudia mara mbili. Akamgeukia mjukuu.

"Elfu thelathini. Wewe uliniambia ishirini."

Sijawahi kuona kijana akitafuta njia ya kutokea kwa bidii namna ile. Yule mzee wa karani alicheka mpaka pama ikaanguka chini.

Baada ya hapo miwani ya Mama ikawa mali ya umma. Ilipita kutoka pua hadi pua, benchi la mbele, la pili, barazani. Kilichosomwa ni chochote kilichokuwapo: tangazo la chanjo ya mifugo ukutani, maandishi ya mfuko wa mbolea, Zaburi kwenye Biblia ya mtu. Wapo waliosoma bila shida: miaka kumi, kumi na mitano walijihesabu wamerudi gizani, kumbe macho ndiyo yaliyozeeka. Wapo wengine ambao miwani haikuwasaidia kitu, macho yao yana ukungu mweupe, na hao Mama alimwambia Dada awaandike majina pembeni: "Hao ni mtoto wa jicho, hao waende hospitali wakafanyiwe upasuaji, siyo miwani." Tukapata orodha mbili.

Walituaga na jogoo wawili na gunia dogo la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. "Wabeja sana, Mwalimu," yaani asante sana. Kwenye gari Mama hakusema kitu mpaka Ngudu. Hapo akaniuliza: "Kwenye hazina yako kumebaki kiasi gani?"

Ijumaa, Ngudu hadi Magu

Barabara ya vumbi tena, kupitia Bukwimba kwenye reli ya Mwanza. Jogoo mmoja katoka kwenye kikapu na kutembea chini ya viti safari nzima, hakuna aliyethubutu kumkamata.

Magu ndiko Mama alikuwa mwalimu mkuu enzi za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma lilipitishwa Novemba 1974, na kufikia 1977 ikatakiwa kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Watoto walikuja. Walimu hawakuwapo wa kutosha, ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wafundishe huku wenyewe wakisomea ualimu hapo hapo kazini. Darasa lilikuwa na zamu mbili, asubuhi na mchana, na tofali zilifyatuliwa na wanafunzi wenyewe.

Ni hadithi inayotugawa nyumbani. Mimi nilisoma kwenye madarasa hayo hayo, na nitasema tulilipia: hesabu za sehemu nilizielewa nikiwa sekondari. Mama haukubali ubishi huo. Nilipogusia leo aligeuka kiti cha mbele akaniangalia. "Mlitaka niwaambie wangoje nyumbani mpaka vigae vifike?" Bado nadhani kulikuwa na njia ya kati. Sikuisema.

Ofisi ya mwalimu mkuu ina orodha ya waliotangulia, imeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, kama ilivyo shule nyingi. Jina la Mama lipo, limeandikwa vizuri, na pembeni yake 1977–1982.

Mama aliisoma, akaisogelea, akagonga ukuta kwa fimbo. "Nilikuwa hapa mpaka 1984. Hiyo miwili nilikuwa wapi, jela?"

Mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye staha sana, akaomba radhi kwa niaba ya mchoraji ambaye hakuna anayemkumbuka. Tatizo likawa kwamba aliyefuata ameandikwa ameanza 1982, kwa hiyo ukimrekebisha mmoja unamgusa mwingine, na watu hao wana familia. Ilichukua simu tatu kwa wastaafu wa Magu mpaka ikapatikana kwamba kati ya 1982 na 1984 kulikuwa na msaidizi aliyekaimu kwa miezi michache Mama akiwa na likizo ya uzazi ya mdogo wetu wa mwisho. Rangi ya bluu haikuwapo. Dukani ilikuwapo nyeusi. Namba nne mpya ni nyeusi katikati ya bluu, na Mama kaipenda hivyo, anasema inaonyesha kwamba imekaguliwa.

Wanafunzi wake wa hapa ni watu wazima wenye maduka, mmoja ana mashine ya kukoboa mpunga, wote wanajua kusoma na wana miwani yao. Walichinja mbuzi. Pamoja na yote, ndafu alipatikana.

Jumamosi, Magu hadi Nansio

Siku ya barabara. Lamadi tulisimama kununua maji. Kutoka hapo lami inapita kando kabisa ya Serengeti, lango la Ndabaka liko pale pale barabarani, na pundamilia walikuwa wanakula upande wa kulia huku daladala zikipita kushoto. Mama aliwatazama kidogo akasema wamenona. Bunda tukaingia njia ya Kibara hadi Kisorya.

Kivuko kilikuwa ndiyo kwanza kimeondoka, kwa hiyo tukakaa kwenye kibanda cha mama lishe. Samaki aliyeletwa mezani alimfungulia Mama mlango mwingine kabisa. Anasema alipokuwa msichana, samaki wa kisiwani walikuwa ngege, ningu, na furu wa kila rangi, furu wa kumwaga. Sangara hakuwapo, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina mamia walikuwa wamemezwa. Hata sato, ambaye leo tunamla tukidhani ndiye mwenyeji, aliletwa. Mama lishe hakuamini. Alimwita mumewe aje asikilize. Mume, mvuvi, akasema babu yake alikuwa akisema hivyo hivyo, wakadhani ni uzee.

Nusu ya pili ya maongezi hayo ilifanyika ndani ya kivuko, maana mvuvi alivuka nasi.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, na Mama anapokanyaga Rugezi hubadilika lugha, mwendo na sauti. Fimbo kamkabidhi mjukuu. Mpaka Nansio alikuwa anataja kila mlango: huyu alikuwa mtu wa machungwa, huyu alioa kwetu, huyu alikimbia kisomo.

Hilo la mwisho lina historia yake. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, alifuatisha na wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga kabisa mpaka mwisho wa 1971. Ukerewe ilikuwa moja yao, pamoja na Mafia, Masasi, Kisarawe, Kilimanjaro na Pare. Mama alirudishwa nyumbani kwa kazi hiyo. Anasema mwaka ule ulikuwa wa taabu kuliko yote ya kazi yake, kwa sababu mgeni unaweza kumwogopa, lakini binti wa jirani uliyemwona akichota maji huwezi kukubali akushikie chaki. Mjomba wake mwenyewe aligoma. Alikuja kujiandikisha usiku, akasoma kwa kibatari sebuleni, na mtihani alipofaulu aliwaambia watu amejifundisha peke yake.

Jumapili, Kagunguli

Misa ya shukrani ilikuwa Kagunguli, misheni kongwe ya Mapadri Weupe, ndani ya kanisa alilobatizwa. Tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani. Kilichopo ni kitabu cha ubatizo kilichosema mtoto ni wa mwaka 1940, na mama yake, bibi yetu, aliyekuwa akisema alizaliwa wakati wa kupalilia mihogo. Sisi watoto ndio tuliomchagulia siku ili fomu zijazike.

Ukoo ulijaa. Kamati, kumbe, haikuwa imekufa: shangazi wa Nansio walishona vitenge sare kimya kimya, na keki ilivuka ziwa kutoka Mwanza ikiwa imepakatwa na binamu. Kijana mmoja akashika kipaza sauti akawa MC bila kuteuliwa. Alimsifu Mama kwa kumfananisha na Mama Getrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa hiki hiki, aliyeongoza mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995. Mama alimkatiza. Alisema mwaka huo huo wa Beijing yeye alikuwa anafuatilia mafao yake ya kustaafu, kwa hiyo wasichanganye habari.

Alipopewa nafasi ya kusema alisimama. Hakushukuru sana. Alitaja majina ya walimu wenzake waliokufa, taratibu, akiwa na karatasi, na kila jina palikuwa na mtu kwenye umati aliyeitikia. Kisha akauliza walio na zaidi ya miaka 60 wanyooshe mikono, na kati yao nani bado anasoma bila msaada. Mikono mingi ikashuka. Dada alishajua kazi yake, akatoa kalamu. Orodha ikawa ndefu.

Tulikula pilau, samaki, ugali wa muhogo. Keki ilikatwa. Alilishwa na watu watatu tu, wa nne akamwambia imetosha, sukari.

Jumatatu, Nansio hadi Mwanza

Meli ya asubuhi, ziwa limetulia. Mpwa kaondoka mapema na gari kurudi kwa barabara, pamoja na jogoo aliyebaki. Kaka kapiga simu kupendekeza kwamba hela iliyosalia kwenye michango imnunulie Mama kochi la kuegemea, lile la kunyoosha miguu. Mama alisikia. Alisema yeye hajachoka miguu.

Kwa hiyo kutoka bandarini hatukwenda nyumbani, tumekwenda sokoni. Wenye mtoto wa jicho Dada atawapigia simu hospitali ya Bugando kesho kuuliza utaratibu na gharama. Wengine ni miwani, na miwani ya kusomea imejaa mjini, imepangwa juu ya mbao, kila moja na kijikaratasi cha nguvu ya kioo: 1.50, 2.00, 2.50, 3.00. Mama alikaa kwenye kigoda cha muuzaji, akafungua daftari la Dada, akaanza kuhesabu za namba mbili na nusu. Kila moja aliijaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti. Mbili alizirudisha, kioo kina mkwaruzo.

"Elfu tano kila moja, bibi, bei ya kawaida."

"Nachukua zaidi ya hamsini."

"Basi elfu nne na nusu, kwa ajili yako."

Mama akamtazama. Alimsogezea gazeti, akaweka kidole kwenye mstari wa katikati. "Soma hapa."

Kijana akashangaa, akatazama huku na huku, halafu akasoma, mstari mzima, bila kukwama.

"Nani alikufundisha?"

"Shuleni, bibi. Magu."

"Magu shule gani?"

Akaitaja.

"Elfu tatu," Mama akasema, na akaanza kupanga miwani ndani ya kibeti.